Matiti ya mvulana, krimu ya dada na maswali mengine ya balehe

Shikamoo daktari. Nina miaka 13, nasoma bweni. Chini ya chuchu ya kushoto nimeota kifundo, kinauma nikikigusa. Wenzangu wananiita "shangazi". Siku hizi naoga wakishalala. Nageuka msichana?

Marahaba, mwanangu. Hugeuki. Takriban nusu ya wavulana huota kifundo kama hicho wakati wa balehe, kwa hiyo kati ya hao wanaokucheka wamo wanaoficha cha kwao. Mwili wa mvulana hutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na pia estrojeni, ya kike, kidogo, na balehe inapoanza uwiano wa homoni hizo huyumba. Ndipo tishu iliyo nyuma ya chuchu huvimba, mara nyingi upande mmoja ukitangulia. Kwa wengi hunywea yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2.

Usikikamue, wala usijifunge kitambaa kifuani. Nenda hospitali kikikua haraka, kikitoa majimaji au damu, au kikipita miaka 2 bila kupungua. Ikiwa kuna dawa unazotumia, zitaje huko, maana zipo zinazoleta hali hii.

Lakini la kuoga usiku silipendi. Mfuate patroni, mweleze hilo jina walilokubandika. Watu wazima wa bweni wana desturi ya kusema "ni utani wa vijana tu", na mimi naona huo ni uvivu. Mtoto anayekwepa bafu anaumia.

Nina miaka 14, mimi ndiye mfupi darasani. Hata mdogo wangu wa kike amenipita. Nimeambiwa nining'inie kwenye mwamba wa goli kila asubuhi.

Mwamba wa goli haurefushi mifupa. Utapata nguvu za mikono, basi. Wasichana hupata kasi yao ya kurefuka kama miaka 2 kabla ya wavulana, hivyo mdogo wako hajakuzidi, amewahi tu. Mvulana akishaingia kwenye kasi hiyo anaweza kuongeza sentimita 9 au zaidi kwa mwaka. Muulize baba au wajomba walirefuka lini, kwani kuchelewa huku hurithiwa sana.

Dalili ya kwanza ya balehe kwa mvulana ni korodani kukua. Nywele na urefu hufuata. Kama umefika miaka 14 na hujaona dalili yoyote, nenda na mzazi hospitali. Watakupima urefu, na huenda wakakupiga picha ya eksirei ya kiganja kuona mifupa yako imekomaa kiasi gani. Wengi huambiwa wasubiri.

Uso umejaa chunusi. Dada amenipa krimu yake ya kung'arisha, siku tatu za kwanza ilisaidia.

Mrudishie, na ikibidi naye aiache. Krimu nyingi za aina hiyo huwa na steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi). Steroidi hutuliza wekundu kwa muda, kisha huleta chunusi zake yenyewe na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Dawa ya meno na limao navyo huunguza tu.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usitumbue. Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, paka kidogo usiku. Hubabua rangi ya taulo na mito, kwa hiyo tumia ya zamani. Ipe wiki 6 hadi 8 kabla ya kuihukumu.

Naongoza kaswida madrasa. Sauti inakatika katikati, watu wanacheka.

Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Ni suala la miezi. Mwombe ustadhi akuweke kwa waitikiaji wa sauti ya chini, usilazimishe ya juu.

Nina miaka 16. Jimu kuna jamaa anauza sindano za kujaza kifua.

Usichomwe. Sindano hizo huwa za testosteroni. Ubongo ukikuta homoni ya sindano husimamisha amri kwa korodani, nazo husinyaa. Ziada yake hugeuka estrojeni, ukaota matiti uliyokuwa ukiyakimbia. Na kwa umri wako mifupa inaweza kufunga kabla hujamaliza kurefuka. Kula maharage, dagaa na mayai, lala usingizi wa kutosha.

Mimi ni mama. Mwanangu wa miaka 12 ananuka kikwapa. Nikimwambia mbele ya wageni ananuna siku nzima.

Hata mimi ningenuna, mama. Mwambie mkiwa wawili. Mnunulie sabuni na dawa ya kwapa iwe yake, abadilishe fulana akitoka mpirani. Ukishamwaibisha hatakuletea la maana litakapotokea, na la maana lipo: korodani ikianza kuuma ghafla kwa nguvu, huenda imejisokota, na kuna kama saa 6 tu za kuiokoa kwa upasuaji. Mwambie waziwazi kwamba siku hiyo akuamshe, hata iwe saa nane za usiku, mwende hospitali bila kusubiri kuche.