Msimamizi mpya wa madereva wa wagonjwa, weka redio chini kidogo tuongee

Ndugu zangu mliokabidhiwa meza ya usafiri wa wagonjwa hivi karibuni, hongereni na poleni. Nimekuwa nikiwasikia redioni, na maneno ni yale yale: "Uko wapi sasa?" "Mbona hujatoka?" "Wodi ya upasuaji wanakulalamikia." Kila kundi jipya la wasimamizi huanza hivyo, na kila mara madereva hujifunza kujibu "nakaribia" huku wamepiga goti wakimvalisha mgonjwa viatu. Naandika kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuona kosa hilo hilo likirudiwa na watu wenye akili timamu na nia njema.

Rosta na logibuku mnavijua, sitavigusa.

1. Ukitaka gari litoke mapema, pigia wodi simu kabla ya kumtuma dereva.

Ubao wa safari unaonyesha saa ya kutoka na saa ya kufika tu. Hauonyeshi kwamba dereva alifika akakuta mgonjwa bado na gauni la wodi, dawa za kwenda nazo ziko famasi, karatasi ya ruhusa haijasainiwa, na nesi wa zamu ameshikwa na mgonjwa mwingine mahututi. Hayo yote yanaulizika kwa simu moja: amevaa? Dawa anazo? Karatasi imesainiwa? Na ukishamtuma, usimpigie akiwa barabarani. Mtumie ujumbe, atausoma akisimama.

2. Hali ya mgonjwa iulizwe upya kila safari.

Karatasi inasema "anatembea". Iliandikwa lini? Mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, anaweza kuingia asubuhi kwa miguu yake, na baada ya kama saa nne kwenye mashine akatoka presha imeshuka, kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu. Safari ya kurudi mpangie kiti cha magurudumu mpaka muuguzi aseme vinginevyo. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, haushikwi wakati wa kumwinua, hautundikwi mfuko, na mkanda usiubane. Damu ikianza kutoka pale palipochomwa sindano, dereva asimamishe gari, abane kwa kitambaa safi bila kuachia, na aombe msaada papo hapo.

Na hapa wasikilizeni madereva. Wagonjwa wengi wa dayalisisi huja mara tatu kwa wiki, kwa hiyo dereva anawajua kuliko wewe unayeona jina kwenye skrini. Tuna dereva mmoja, mtu mzima, mpole sana, aliyewahi kugoma kutoka getini. Redio inamwita, yeye kimya. Kilichomsimamisha ni kwamba abiria wake, mama ambaye kila siku humgombeza kwa kuchelewa, siku hiyo alikaa bila kusema neno na mkoba wake ukadondoka asiuokote. Dereva akamrudisha kwa wauguzi. Wakampima, presha ilikuwa chini kiasi kwamba hawakumruhusu aondoke mpaka jioni. Kwenye ubao wetu safari ile iliandikwa "imechelewa".

3. Usimpime dereva kwa dakika peke yake. Hapa nitakaa sana, mnisamehe.

Miaka fulani nyuma, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, ofisi yetu ilibandika ukutani orodha ya madereva kuanzia mwenye kasi hadi wa mwisho. Tulikuwa na malalamiko mengi ya kuchelewa na tuliona tumepata dawa. Na kweli, muda ulipungua. Wakubwa walitusifu kikaoni, tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza zile dakika zimepatikana wapi, maana barabara zilikuwa zile zile na magari yale yale.

Zilipatikana nyuma ya gari, mahali ambapo ofisi haioni.

Mnajua kiti cha magurudumu kinavyofungwa. Kinatazama mbele, breki zimebanwa, kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, zote kwenye fremu. Hazifungwi kwenye magurudumu, wala kwenye vikanyagio, wala kwenye sehemu za kuegemeza mikono zinazochomoka. Hapo umefunga kiti. Mgonjwa bado hujamfunga. Mgonjwa ana mkanda wake wa gari, wa kiuno na wa bega, na kile kimkanda kinachokuja na kiti ni cha kumsaidia kukaa vizuri tu, hakikutengenezwa kuhimili gari likifunga breki. Ukiyafanya yote kwa utulivu unatumia dakika kadhaa. Ukiruka mkanda wa bega na kutegemea kile kimkanda, unajiokolea dakika na jina lako linapanda kwenye orodha.

Siku yenyewe haikuwa na maajabu. Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga alikuwa ameruhusiwa, anarudishwa kwake. Mtu akakatiza barabara, dereva akafunga breki, hata si kwa nguvu sana. Kiti hakikusogea hata kidogo, kamba zilikuwa nne na zimekaza. Aliyesogea ni mama. Aliteleza chini ya kile kimkanda mpaka sakafuni, akiangukia upande ule ule wenye mshono. Gari likageuza. Badala ya kulala kitandani kwake akarudishwa wodini na kuanza upya maumivu aliyokuwa amekwisha kuyavumilia.

Dereva aliyekuwa naye ndiye aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha yetu.

Kikao cha dharura kilianza na barua ya onyo. Jina lake lilishaandikwa kabla hatujazungumza naye. Kisha mmoja wetu akashauri tukague magari mengine kabla ya kusaini chochote, tukatoka na tochi. Kwenye gari la kwanza nilivuta mkanda wa bega, haukutoka. Nikavuta tena kwa mikono miwili, ukatoka kwa shida ukiwa umekakamaa na vumbi limeshikana kwenye mikunjo yake. Mkanda ule haukuwa umevutwa siku nyingi. Gari la pili, hivyo hivyo. La tatu mkanda ulikuwa mzima lakini kishikizo chake kimefunikwa na boksi la glavu. Tukasimama pale uwanjani tukitazamana. Dereva mmoja akikosea, huenda ni wake. Magari yote yakiwa na vumbi mahali pale pale, hilo ni agizo, na lilitoka ukutani kwetu.

Dereva alikosea, na alikiri. Lakini barua ya kwanza ilistahili kuja kwetu ofisini. Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba familia ya yule mama iliambiwa siku ya kwanza kwamba ilikuwa "ajali ya barabarani". Ilichukua siku kadhaa za kuvutana ofisini kabla ya mtu kwenda kuwaeleza ukweli, kwamba hakufungwa inavyotakiwa na sababu ni namna tulivyokuwa tukiendesha kazi. Mtoto wake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: wale wengine sasa wanafungwa? Swali hilo ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza kwetu.

Tuliibandua ile orodha ukutani. Sasa saa ya kutoka haiandikwi mpaka dereva aseme redioni, "Kamba nne, kiuno, bega." Mwanzoni walinung'unika, wengine wakaimba kwa sauti ya kwaya, na mimi nikacheka nao. Waache waimbe, mradi wamefunga. Ukimsikia dereva ametaja upesi upesi kama anayekariri, toka nje ukamtazame, siku moja moja, bila kumvizia. Shika kamba kwa mkono wako. Mpongeze mbele ya wenzake ikiwa imekaza.

Kwa hiyo ninapomsikia msimamizi mpya akisema "fulani ndiye mwenye spidi, mpeni safari nyingi", moyo wangu unaruka. Nenda kaangalie mikanda ya gari la fulani kwanza.

4. Oksijeni ihesabiwe kwa kwenda, kusubiri na kurudi.

Zidisha ujazo wa mtungi kwa presha inayosomwa kwenye geji yake, kwa kipimo cha bar: mtungi wa lita 5 unaosoma bar 60 una takriban lita 300. Mgonjwa anayetumia lita 4 kwa dakika ataumaliza wote kwa dakika 75, na haturuhusu ufike sifuri. Mapokezi ya hospitali unayompeleka yanaweza kula nusu ya muda huo mgonjwa akiwa bado kwenye machela yako. Mtungi ufungwe, usibiringike. Mikono yenye grisi isiguse valvu.

5. Jina peke yake halitoshi. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza mwaka 2007 angalau vitambulisho viwili, kwa mfano jina na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba haimo. Na mgonjwa aseme jina lake mwenyewe. Ukimuuliza "wewe ndiye fulani?" aliyechoka ataitikia lolote.

6. Lifti ya gari ijaribiwe kila asubuhi, pamoja na pampu yake ya mkono. Uzito unaopandishwa ujumlishwe wote, wa mgonjwa na wa kiti: kiti cha umeme kikiwa kitupu kinaweza kuzidi kilo 100.

7. Usingizi ni wajibu wako wewe unayesaini rosta.

Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kuendesha nacho. Usingemkabidhi funguo dereva anayenuka pombe. Lakini saa moja asubuhi, aliyekesha anasaini kutoka, nawasikia: "Nisaidie safari moja tu, ni ya karibu." Madereva wema hawakatai, hasa wakijua kuna mgonjwa anasubiri. Wema wao ndio unaowaponza. Wewe ndiye wa kukataa kwa niaba yao, hata kama wodi inafoka kwenye simu.

8. Kabla gari halijatoka, jua nani anampokea.

Nambari ya ndugu iliyoandikwa kwenye fomu ipigwe, ipokelewe, na mtu aseme "nipo nyumbani, ufunguo ninao". Nimeona madereva wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, mgonjwa kwenye kiti, jua linawachoma wote wawili, na msimamizi redioni anasema "mwache kwa jirani, kuna safari nyingine". Hapana. Dereva hamwachi mgonjwa kwa mtu ambaye wodi haimjui. Ampe kivuli, amnyweshe maji kama hajakatazwa, abaki naye. Wewe huku mezani unatafuta ndugu mwingine, unaongea na wodi, na ikishindikana unamrudisha hospitalini. Safari inayofuata unampa dereva mwingine, na anayepiga simu kuomba radhi kwa kuchelewa ni wewe, usimwachie dereva.