Kupima mwitikio wa intarapti (ishara inayokatiza kazi ya prosesa): tazama kilele, si wastani
Ndugu, unauliza kwa nini cyclictest, programu ya kupima ucheleweshaji, inakupa wastani wa mikrosekunde 6 kwenye Linux na bado mota inachelewa. Wastani haukusaidii hapa: unaficha ucheleweshaji mkubwa wa mara moja moja. Soma safu ya Max, yaani kilele. Tena pima mashine ikiwa imeelemewa na kazi, kwa saa kadhaa, maana ikitulia inaficha ucheleweshaji.

Kumbuka pia cyclictest haipimi intarapti peke yake: inahesabu tangu taima ilipotakiwa kulia hadi thredi yako (mkondo wa kazi wa programu) inapoamka, kwa hiyo muda wa kerneli, kiini cha Linux, kupanga zamu umo ndani. Ukitaka intarapti tupu, ingiza mpigo kwenye pini ya GPIO (ya kuingiza na kutoa ishara), hendla, yaani kipande cha programu kinachoshughulikia intarapti, ijibu kwenye pini nyingine, halafu soma pengo la muda kati ya ishara hizo mbili kwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora ishara za umeme. Hiyo naiamini kuliko saa ya mashine yenyewe.