Nina laki moja na nusu ya kutangaza kitabu, nichape tisheti?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Morogoro, nimechapa riwaya yangu ya kwanza kwa hela zangu mwenyewe, kopi 300. Inahusu binti aliyekulia kwenye mashamba ya miwa kule Kilombero na inaanza hivi, "Mama alirudi na ndoo tupu, na hakuna aliyeuliza." Kopi 260 bado ziko chini ya kitanda. Nimebakiwa na laki moja na nusu ya matangazo, washkaji wanasema nichape tisheti zenye picha yangu na jina la kitabu. Nifanyeje?
Mwandishi mgeni, Msamvu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kumaliza riwaya sio mchezo. Tisheti achana nazo. Kwa hela hiyo utapata chache mno, utawagawia haohao washkaji ambao tayari wanajua umeandika, na tisheti yenye sura ya mtu tunajua inakoishia, we angalia za kampeni, mwaka haujaisha watu washaanza kulimia. Mi nataka hela yako iende kwenye kitu ambacho mtu akikishika tu anasoma maneno yako. Hiyo sentensi ya kwanza nimeirudia mara tatu, nikawa nataka kujua ndoo ilikuwa tupu kwa nini na mbona watu wamenyamaza. Ndo tangazo lako hilo.

Kwa hiyo anza na kijitabu cha sura ya kwanza. Karatasi mbili za A4 ukizichapa mbele na nyuma, ukazikunja katikati na kupiga pini mbili mgongoni, unapata kurasa 8 ndogo. Hapo kwenye steshenari simama mwenyewe maana mpangilio unachanganya: karatasi ya nje upande mmoja inakaa kurasa ya 8 na ya 1, nyuma yake 2 na 7, karatasi ya ndani 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Toa moja kwanza, ikunje, isome yote, ndo uruhusu watoe kopi, tena nyeusi na nyeupe inatosha kabisa. Na usisubiri sura iishe, katisha pale mtu anapotaka kufungua kurasa nyingine halafu hapohapo weka bei, namba yako ya WhatsApp na kitabu kinapatikana wapi.

Na wewe uko Msamvu, penye stendi ya mabasi! Mabasi ya Dodoma, ya Iringa, ya Dar, yote yanapita hapo mlangoni kwako na abiria ana masaa ya kukaa hana la kufanya. Ongea na uongozi wa stendi kwanza wasije wakakufukuza, halafu wagawie abiria hivyo vijitabu, na uwe na kopi kadhaa za kitabu chenyewe kwenye begi maana wapo watakaokuita kabla gari haijaondoka.

Hela itakayobaki chapa bukumaki, vile vikadi vya kuwekea alama ulipoishia kusoma. Ya sentimita 5 kwa 14, kwenye kadi ngumu ya gramu 300, zinaingia 16 kwenye shiti moja ya A3, kwa hiyo shiti 13 zinakupa 208. Uliza bei kwa shiti, usiulize bei kwa bukumaki moja, na uliza kama kukata kumo humohumo. Acha kingo nyeupe, ukipaka rangi mpaka mwisho gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, ikiteleza kidogo tu inaonekana. Mi nilishapoteza bukumaki 200 kwa sababu nilituma picha ya jalada kwa WhatsApp ikiwa picha ya kawaida, ikabanwa, zikatoka zote na ukungu, iliniuma sana. Tuma kama dokumenti, au peleka na flashi. Mbele weka ile sentensi ya ndoo peke yake, nyuma jina la kitabu na namba. Kila kopi unayouza weka mbili, moja ya msomaji, nyingine ampe mtu.

SWALI: Dadangu, mimi naandika hadithi za watoto. Niliwapa wanafunzi kalamu zenye jina la kitabu, kufika wiki ya pili hakuna hata moja. Kuna kitu cha bei hiyo kinachodumu?
Mama watatu, Kisauni, Mombasa

JIBU: Kipo dadangu, ratiba ya masomo. Kadi ya A5 yenye jedwali tupu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na pembeni yule mnyama au mtoto wa kwenye hadithi yako. Mtoto anaijaza mwenyewe, anaibandika, na anaiangalia kila asubuhi akipanga begi, muhula mzima, na mzazi pia anaiona. Usiweke laminesheni upande wa jedwali, kalamu haitashika. Pitia kwa mwalimu mkuu, na uzipeleke wiki ya kwanza shule zinapofunguliwa, kabla hawajachora za kwao.