Kizuia ufuatiliaji nacho kinakuona

Dada wa Malindi, umeuliza kama hicho kizuia matangazo cha bure ulichowekewa na kijana wa saiba ni cha kuaminika. Nakujibu kwa lililonipata.

Nashika nafasi za wageni za nyumba mbili hapa Shela, Lamu, kwa hiyo kutwa niko kwenye kivinjari. Niliweka kizuizi kimoja chenye nyota tele, na kwa muda mrefu kilinifaa: kurasa zilifunguka upesi hata jioni mtandao unapolegea, na bando lilidumu. Siku moja kikajisasisha, kikaomba ruhusa mpya. Ulikuwa msimu wa Maulidi, wageni wamejaa, nikabonyeza "kubali" bila kusoma. Wiki chache baadaye nikaona kila nikifungua kiungo cha nyumba zetu wenyewe, kinapitia kwanza anwani nisiyoijua. Kumbe kizuizi kilishauzwa, na mwenyewe mpya alikuwa akipachika alama yake ili alipwe kamisheni kwa wageni wetu. Iliniuma sana. Bawabu niliyemweka mlangoni ndiye aliyekuwa akiniibia.

Vizuizi vingi huomba kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaoufungua. Bila hivyo haviwezi kufyeka kila kitu. Kwa hiyo usiulize tu kama kinazuia. Uliza ni cha nani, anakula wapi, na kama kimebadili mikono. Na jina kubwa lisikutulize. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast, kampuni ya programu za kukinga virusi, ilipe dola milioni 16.5, ikisema kampuni hiyo iliuza historia za watu za kuperuzi huku ikiwaahidi kuwakinga na ufuatiliaji.

Mimi sasa natumia uBlock Origin. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuukagua, na aliyekianzisha, Raymond Hill, hapokei hata michango ya fedha. Angalia sana hilo neno Origin, kwa sababu kile kinachoitwa uBlock peke yake kilienda kwa mtu mwingine mwaka 2015, kisha kikauzwa. Kwenye simu ya Android kiweke ndani ya kivinjari cha Firefox, maana Chrome ya simu haipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari kama hivi vizuizi. Chrome ya kompyuta nayo imekiacha, limebaki toleo la Lite, lenye nguvu pungufu ila linaloweza kuzuia bila kupewa ruhusa ya kusoma kurasa zako. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama wako, mimi naona hilo Lite linatosha kabisa.

Ila ukishaingia kwa akaunti yako mahali, wenye tovuti wanakujua, na hapo hakuna kizuizi kitakachokuficha.

Leo fungua orodha ya viendelezi, tazama hicho chako kina ruhusa gani na nani ametajwa kuwa mwenyewe. Niandikie hapa, tuzisome pamoja. Mpaka hapo kizime, usiingie benki kikiwa kimewashwa.