Nataka kumchoma bila kumtukana

*Shangazi, shikamoo. Rafiki yangu hunikejeli kazi yangu kila tukikaa na wenzetu. Kumtukana siwezi, nimelelewa. Natafuta neno moja la kiungwana la kumnyamazisha. Nimeshaanza mazoezi: juzi mhudumu wa mgahawani alichelewa, nikamwambia, "Hongera, chakula kimetukuta bado tuko hai." Meza nzima ilicheka. Naendelea vizuri?*

Marahaba, mwanangu. Huendelei vizuri, umeanzia kusiko. Neno lenyewe tamu, nami nimecheka, Mungu anisamehe. Ila yule mhudumu angekujibu angepoteza kazi. Kumpiga kijembe asiyeweza kukurudishia ni uonevu tu, hata ukiupaka asali.

Kijembe cha kiungwana hurushwa juu. Samuel Johnson, Mwingereza mtunga kamusi, aliwahi kungoja kwenye sebule ya nje ya Lord Chesterfield, kabaila mkubwa, akitafuta ufadhili, asipate cha maana. Miaka saba baadaye kamusi iko karibu kutoka, ndipo mheshimiwa anaisifu gazetini. Februari 1755 Johnson akamwandikia: je, mfadhili si yule anayemtazama mtu akitapatapa majini bila kujali, halafu akishafika nchi kavu anamwelemea kwa msaada? Barua nzima haina tusi, na mwishoni kajiita mtumishi wake mnyenyekevu. Inasimuliwa kwamba Chesterfield aliiacha mezani wageni waisome, akiwaonyesha mwenyewe palipoandikwa vikali zaidi. Umeona? Aliyechomwa kabakiziwa nafasi ya kuusifu mkono uliomchoma.

Sasa huyo rafiki. Kwanza mwambie mkiwa wawili. Huenda anadhani mnataniana. Akirudia mbele za watu, mwache amalize, kicheko kipoe, kisha useme kwa sauti yako ya kila siku: "Mwenzangu kazi yangu unaijua kuliko mimi. Siku nikiugua nitakuomba unishikie." Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu: wanaongeza la pili, la tatu, mara kijembe kimekuwa ugomvi. Umbo lake, wazazi wake na mfuko wake usiviguse kabisa.

Wala usimvishe kilemba cha ukoka, yaani kumsifia huku unamcheka moyoni. Hiyo mimi naihesabu unafiki.

Lakini kabla ya hayo yote, rudi kwenye ule mgahawa. Mtafute yule mhudumu umwombe radhi, na safari hii usiende na meza nzima.