Sukari ya mama inasoma 3.6 na anazidi kusahau, nimuanzishie unga wa kusafisha ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, kisukari mwaka wa 14 huu, na presha pia. Anatumia vidonge vya sukari, metfomini na glibenklamaidi, asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana anasahau sana, anauliza kitu kilekile mara nne, na siku zingine alfajiri tunamkuta amekaa kitandani kalowa jasho haelewi yuko wapi, mpaka anywe chai ndo anatulia. Sukari yake iko vizuri, asubuhi inasoma 3.6 mpaka 4.3. Usiku tunampa uji mtupu tu, na maji ya bamia anakunywa. Sasa kuna mtu anauza unga wa kusafisha sukari kwenye ubongo, anasema kusahau ni kisukari aina ya tatu. Nimuanzishie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimuanzishie, na hayo maji ya bamia myasimamishe leo.

Umeandika "iko vizuri" alafu ukaandika 3.6. Hapo nilirudia kusoma. 3.6 sio nzuri, 3.6 ni sukari imeshuka, na kwa mama wa miaka 71 anayemeza glibenklamaidi mara mbili kwa siku alafu analala na uji mtupu hiyo ni hatari kuliko 9 ambayo ingewatia hofu nyumba nzima. Na jibu umeniandikia mwenyewe bila kujua: akinywa chai anatulia. Ile chai ina sukari. Yaani asubuhi zile ubongo wake ulikuwa na njaa.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote, na hauna ghala la maana la kuweka akiba. Damu ikikosa sukari unaanza kuzima. Kijana atatetemeka na moyo kumwenda mbio atajua, mzee mara nyingi hata hizo dalili hazipati, anachanganyikiwa tu, na familia inasema uzee au mashetani.

Hii imani kwamba kadiri namba inavyokuwa chini ndo afya inanichosha kuliko zote, naikuta kliniki kila wiki, watoto wananionyesha daftari la 3.8, 4.0, 3.5 kwa fahari kabisa. Marekani kuna utafiti mkubwa ambao kundi moja lililazimishwa sukari ishuke hadi usawa wa mtu asiyeumwa, 2008 wakalisimamisha kundi hilo kwasababu watu wake walikufa zaidi, na uwezo wa kukumbuka haukulindwa. Mwaka 2009 ikatoka nyingine ya California, wazee zaidi ya 16,000 wenye kisukari: waliowahi kufikishwa hospitali kwa sukari kushuka walipata dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, zaidi baadae, na kadiri ilivyojirudia ndo uwezekano ulivyopanda.

Sisemi sasa muiachie ipande. Sukari ya juu miaka na miaka inaharibu mishipa midogo ya ubongo, na presha inaharibu hivyohivyo tena pengine zaidi. Ila kwa umri wake na hali yake mimi ningetaka asubuhi asome kati ya 5 na 8, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kisizidi asilimia 8, basi.

Wiki hii mpelekeni kliniki na mfuko wa kila kitu anachomeza, bamia ikiwemo. Waulizeni kuhusu kumtoa kwenye glibenklamaidi, kwa wazee siku hizi tunaikwepa kwasababu inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka inakaa zaidi. Wapime figo na vitamini B12, metfomini ya miaka mingi huishusha na ikipungua mtu anasahau kwelikweli, na hiyo inatibika. Usiku mpeni chakula cha kueleweka, ugali kidogo na mboga na maharage. Mkikuta chini ya 4 mpeni nusu chupa ya soda ya kawaida au sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, kidonge msimpe kwanza, pigeni simu kliniki. Kama hawezi kumeza msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali, na hata akizinduka abaki huko maana kidonge hiki kinaweza kumuangusha tena masaa kadhaa mbele.

Sasa huyo muuza unga. "Kisukari aina ya tatu" ni jina watafiti wengine walilitumia kuelezea jinsi insulini inavyoshindwa kufanya kazi kwenye ubongo wa mtu mwenye Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia. Sio ugonjwa unaoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa na hakuna unga unaousafisha. Wamelichukua jina, wamelibandika kwenye kopo, wanauzia watu wenye hofu ya kumpoteza mama yao, na hilo linaniuma sana. Na unga ukishusha sukari kweli ndo niogope zaidi, kwasababu sijui ndani kuna nini. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, wanne wakafa, kumbe wengi walikutwa na glibenklamaidi hiihii mwilini, na zikakutwa dawa za nguvu za kiume za magendo zilizochanganywa nayo. Mtu anayekuambia "asilia, haina madhara" hajaipima, na siku mama akizimia hatapokea simu yako.

Na nyie wengine wenye wazee kwenye kidonge hiki, haswa wanaofunga au wanaokula kidogo, mkimkuta anaweweseka alfajiri, kabla ya kumuita shehe au mchungaji chukueni kimashine mumpime kwanza.