Ana mistari ya nyuki lakini hang'ati

SWALI: Bibi Shamba shikamoo. Niko Morogoro, nina kabustani nyuma ya nyumba, sukuma wiki, mchicha na giligilani ambayo nilichelewa kuvuna ikachanua yote. Sasa kwenye yale maua kuna wadudu wana mistari ya njano na nyeusi kama nyuki ila wanasimama hewani palepale, hawaendi mbele wala nyuma. Binti yangu ana miaka sita na alishawahi kung'atwa na nyuki, akiwaona ni kelele mpaka ndani, na kakaake anawapiga kwa ndala. Ni nyuki gani hawa? – Mama Zuhura

JIBU: Marahaba Mama Zuhura. Kwanza mnyang'anye huyo kaka ndala. Hao si nyuki, ni nzi, nzi wa maua, na hawana mwiba hata kidogo. Zile rangi ni mkwara tu, ndege akiziona anadhani ni nyuki anaachana naye, na naona hata kwenu wamefanikiwa.

Vitabuni watoto wataambiwa wahesabu mabawa, nzi mawili nyuki manne, ni kweli ila mabawa ya nyuki hushikana la mbele na la nyuma kwahiyo mtoto haoni kitu. Mimi naona bora waangalie kichwa. Nzi wa maua ana macho makubwa yamejaa karibu uso mzima, na vipapasio vyake ni vifupi hata havionekani vizuri, wakati vya nyuki ni virefu na vimepinda. Na huko kusimama hewani, akachomoka pembeni ghafla halafu akarudi palepale, nyuki wa mzinga hafanyi hivyo. Mrekodi na simu kwa slo-mo muangalie pamoja ndani, huyo binti ataanza kuzoea akiwa mbali. Wakitoka nje sheria iwe moja, mikono nyuma, macho tu, maana kwenye maua hayohayo nyuki wa kweli nao wanakuja.

Anachofuata pale ni nekta na chavua. Nyuki hubeba chavua kupeleka kwa watoto mzingani, huyu hana mzinga wala watoto wa kulisha, anakula mwenyewe na jike anaihitaji ili atengeneze mayai. Wakati anakula, vumbi la chavua linamganda kwenye vinyweleo vya mwili, akihamia ua la pili linadondoka huko, ndo uchavushaji wenyewe. Habebi nyingi kama nyuki ila anatembelea maua mengi sana, na kwa vile mdomo wake ni mfupi anapenda maua yaliyo wazi kama hiyo giligilani yako, karoti, shamari, hata kishona nguo pale uani. Duniani kuna aina kama 6,000 za nzi hawa, kwahiyo mwalimu akisema wachavushaji ni nyuki na vipepeo mwambieni kwa heshima amesahau mtu.

Sasa sehemu ambayo watoto wanaipenda zaidi iko kwenye sukuma wiki. Geuza jani lenye vidukari, tafuta yai jeupe dogo refurefu kama punje ya mchele ila dogo mno, au kafunza ka kijani kasiko na miguu. Huyo ndiye mtoto wa aina nyingi za nzi wa maua. Anapapasa kichwa huku na huku kama kipofu, akigusa kidukari anamnyanyua juu anamfyonza mpaka linabaki ganda tupu, na mmoja anaweza kumaliza mamia kabla hajawa bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nzi. Mpeni lenzi huyo kaka wa ndala, atashinda hapo.

Kuna aina nyingine watoto wao hukaa kwenye maji machafu, mfereji au dimbwi la samadi, wana mkia mrefu ambao ni bomba la kupumulia, wanautoa juu ya maji wao wakiwa chini. Hiyo wasimulie tu, wasiende kuchokonoa mfereji.

Giligilani iliyochanua usiing'oe kwanza. Na vidukari wakiwa wachache usikimbilie dawa, inaua funza pamoja nao. Mwagia maji kwa nguvu chini ya majani, ila kwanza kagueni, lile lenye kafunza liacheni.